Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Umwagiliaji na Mmomonyoko wa Udongo Wakati wa Mvua

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakulima, maafisa ugani na wasimamizi wa skimu za umwagiliaji. Unahusu jambo moja tu: namna maji tunayoyapeleka shambani kwa mfereji, kwa vinyunyizio au kwa matone yanavyochangia kuamua ni kiasi gani cha udongo kitaondoka mvua itakaponyesha. Mmomonyoko unaoletwa na maji ya umwagiliaji yenyewe umetajwa pale tu unapohusiana na mvua.

Mmomonyoko ukiletwa na mvua, umwagiliaji unahusikaje?

Mmomonyoko wa mvua una hatua mbili. Kwanza tone hupiga bonge la udongo na kulibomoa. Tone kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimita 5 hivi, hufika ardhini kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde. Kisha maji yaliyoshindwa kupenya hukusanyika, hutiririka na kuzibeba chembe zilizobomolewa. Umwagiliaji huzigusa hatua zote mbili kabla hata wingu halijatanda, kwa sababu hubadilisha unyevu wa udongo, uimara wa mabonge yake, sura ya uso wa shamba, kemia ya chembe za mfinyanzi na wingi wa majani yanayoifunika ardhi. Baadhi ya mabadiliko hayo hulinda udongo na mengine huudhoofisha, na mara nyingi yote hutokea kwa pamoja katika shamba lilelile. Mkulima hana mamlaka juu ya mvua, lakini hali ambayo mvua itaikuta shambani kwa sehemu kubwa ameitengeneza yeye.

Je, shamba lililomwagiliwa jana humomonyoka zaidi kuliko lililo kavu?

Mara nyingi, ndiyo. Udongo mkavu hufyonza maji kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hushuka kidogo kidogo hadi kufikia kiwango cha kudumu ambacho hutegemea aina ya udongo. Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kiwango hicho ni zaidi ya milimita 30 kwa saa katika mchanga, milimita 20 hadi 30 katika tifutifu ya kichanga, milimita 10 hadi 20 katika tifutifu ya kawaida, milimita 5 hadi 10 katika tifutifu ya mfinyanzi, na milimita 1 hadi 5 tu katika mfinyanzi. Shamba lililojaa maji limekwisha kuipoteza ile kasi ya mwanzo, hivyo mvua inapoanza hukutana moja kwa moja na kiwango cha chini kabisa, na mtiririko huanza ndani ya dakika chache badala ya kuchelewa.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba udongo uliokauka kabisa ndio ulio salama. Bonge kavu likiloweshwa ghafla, maji huingia kutoka pande zote na kuibana hewa iliyo ndani, na hewa hiyo inapotafuta njia ya kutoka hulipasua bonge vipande vipande. Vipande hivyo huziba matundu ya juu, na ardhi iliyoonekana kuwa na kiu huanza kumwaga maji mapema kuliko ilivyotarajiwa. Udongo ulio na unyevu wa wastani hubomoka kwa shida zaidi. Hatari basi iko katika ncha zote mbili, yaani ukavu wa vumbi na ujazo wa kupindukia, na ni kazi ya ratiba ya umwagiliaji kuliweka shamba katikati.

Nitajuaje kiasi cha maji ninachoweza kuweka bila kuinyima mvua nafasi?

Kwa hesabu ndogo. Chukua tifutifu inayohifadhi milimita 140 za maji yanayofaa mmea kwa kila mita ya kina, na zao lenye mizizi ya sentimita 60. Akiba kamili ni milimita 84. Ikiwa zao limekwisha kutumia nusu, nafasi iliyo wazi ni milimita 42. Mkulima anayemwagilia hadi kuijaza nafasi yote katika majira ya mvua hajaacha chochote. Anayeweka milimita 27 amebakiza milimita 15 za kupokea mvua, na zao lake halitapata shida kwa tofauti hiyo.

Nafasi pekee haitoshi. Ghala linaweza kuwa tupu na mlango wake ukawa mwembamba: mvua ya milimita 60 kwa saa ikishukia tifutifu ya mfinyanzi itatiririka hata kama udongo wa chini ni mkavu, kwa sababu uso hauwezi kuipitisha kwa kasi hiyo. Kwa mvua ndefu za pole pole, kubakiza nafasi husaidia sana. Kwa mvua kali za muda mfupi, kinachosaidia zaidi ni uso uliofunikwa na usio na ukoko. Wanaopendekeza moja na kulisahau la pili huwa wamefikiria aina moja tu ya mvua.

Mvua ikitabiriwa kesho, niahirishe zamu yangu ya maji?

Ahirisha, ikiwa zao halijafikia hatua ambayo siku moja au mbili za kusubiri zitalipunguzia mavuno. Udongo uliojazwa huhitaji siku 1 hadi 3 kuyachuja maji ya ziada hadi kubaki na unyevu unaoweza kushikiliwa, na udongo mzito huchukua muda mrefu kuliko wa kichanga. Ugumu hujitokeza katika skimu za zamu, ambako mkulima huyapokea maji siku yake ifikapo, iwe yanahitajika au la. Huko uamuzi haumo mikononi mwa mtu mmoja, na uongozi wa skimu unapaswa kuwa na utaratibu wa kusimamisha au kupunguza maji kwenye lango kuu na wa kumfidia zamu aliyeikosa. Bila utaratibu huo, kila mtu atayachukua maji yake hata mawingu yakiwa juu ya kichwa chake, na hawezi kulaumiwa.

Mifereji ya kati ya matuta ina athari gani mvua kubwa inaponyesha?

Swali hili linastahili jibu refu kuliko mengine, kwa kuwa hapa ndipo makosa ya usanifu huonekana waziwazi. Mifereji hukusanya mvua iliyoanguka juu ya matuta na kuigeuza kuwa mkondo. Mkondo huo una nguvu ambayo maji yaliyotawanyika hayana, na nguvu hiyo huongezeka kadiri mteremko na urefu wa mfereji unavyoongezeka.

Kuna kanuni ya zamani ya wahandisi wa umwagiliaji isemayo kwamba mkondo mkubwa kuliko wote usiokwangua mfereji, kwa lita kwa sekunde, ni takriban 0.6 ikigawanywa kwa mteremko uliotajwa kwa asilimia. Kwenye mteremko wa asilimia 0.5 hiyo ni lita 1.2 kwa sekunde. Kwenye mteremko wa asilimia 2 ni lita 0.3 tu. Sasa tuchukue mfereji wa mita 100 uliotengana na jirani yake kwa sentimita 75. Eneo linaloumwagia maji ni mita za mraba 75. Mvua ya milimita 40 kwa saa inanyesha, na udongo uliokwisha kulowa unapokea milimita 10 kwa saa. Milimita 30 zinazobaki ni sawa na mita za ujazo 2.25 kwa saa, yaani lita 0.6 na ushei kwa sekunde mwishoni mwa mfereji. Kwenye mteremko wa asilimia 0.5 mfereji utahimili. Kwenye mteremko wa asilimia 2 mkondo huo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango salama, na utakwangua. Mfereji ukirefushwa hadi mita 300, mkondo hufikia karibu lita 1.9 kwa sekunde, na hata ule mteremko mpole wa asilimia 0.5 hautoshi tena.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mkulima anayeruhusu lita 0.3 kwa sekunde kutoka kwenye bomba la kupandishia maji anaweza kumwagilia mteremko wa asilimia 2 mwaka mzima bila kuona dosari. Mfereji wake umepimwa kwa maji anayoyatawala mwenyewe, na haukupimwa kwa mvua. FAO inashauri mteremko wa mfereji usizidi asilimia 0.5 ili kuepuka mmomonyoko, na usipungue asilimia 0.05 ili maji ya ziada, yakiwemo ya mvua, yapate pa kutokea.

Ardhi ikiwa na mwinamo mkali zaidi, mifereji huchimbwa kwa kufuata kontua, yaani mistari ya kimo kimoja. Uchimbaji huo huleta hatari yake: tuta likiwa na sehemu iliyoshuka, maji ya mvua hujikusanya hapo, hulivuka na kuliangukia tuta la chini, ambalo nalo huvunjika, hadi kukatika njia moja inayoteremka shamba lote. Kufunga mifereji kwa vizuizi vidogo vya udongo kila baada ya mita chache huizuia mvua isijikusanye, lakini vizuizi hivyo haviwezi kuwepo wakati maji ya umwagiliaji yanapaswa kupita. Wengine hufunga mfereji mmoja na kuuacha mmoja wazi kwa ajili ya kumwagilia. Ni suluhisho zuri katika msimu ambao mvua na umwagiliaji hupokezana.

Je, vinyunyizio ni salama zaidi?

Vinyunyizio havihitaji mifereji, na hiyo ni faida kubwa. Tatizo lake ni pigo la matone. Kinyunyizio chenye shinikizo dogo na tundu kubwa hutoa matone mazito, na matone hayo yakiipiga ardhi tupu zamu baada ya zamu huisaga safu ya juu hadi ikatandaza utando mwembamba usiopitisha maji vizuri. Utando ukikauka huwa ukoko. Mvua inayofuata huukuta ukoko huo na kuteleza juu yake, ingawa sentimita moja tu chini yake udongo bado ni mlegevu na wenye nafasi tele.

Mitambo mikubwa inayozunguka kwenye mhimili ina mambo mawili ya ziada. La kwanza ni kwamba sehemu ya nje ya mtambo hufunika eneo kubwa kwa muda mfupi, hivyo hulazimika kutoa maji kwa kasi kubwa kuliko sehemu ya ndani, na ndiko ukoko na madimbwi huanzia. La pili ni alama za magurudumu. Magurudumu hupita palepale msimu mzima juu ya udongo uliolowa, hushindilia na kuchimba, na mvua ikija hukuta mitaro iliyo tayari. Pale alama hizo zinaposhuka na mteremko, makorongo huanza humo.

Umwagiliaji wa matone hauna tatizo lolote la mmomonyoko?

Kwa upande wa unyevu, ni njia iliyo bora kuliko zote zilizotajwa hapa, kwani hulowesha ukanda mwembamba karibu na mizizi na kuiacha sehemu kubwa ya shamba ikiwa na uwezo wa kupokea mvua. Tatizo huja pale mipira ya matone inapofunikwa kwa plastiki. Tuta lenye plastiki ya upana wa mita 1 na njia ya sentimita 50 kando yake huifanya njia ile ipokee mvua yake pamoja na ya tuta, yaani mara tatu. Mvua ya milimita 30 inageuka kuwa milimita 90 kwenye njia, tena njia iliyokanyagwa na wavunaji. Tandaza majani makavu kwenye njia, au panda nyasi fupi. Plastiki bila ulinzi wa njia huhamisha mmomonyoko kutoka kwenye tuta na kuupeleka kando yake.

Na majaruba ya mpunga?

Jaruba lililosawazishwa na kuzungushiwa kingo ni miongoni mwa mashamba yanayopoteza udongo kidogo sana wakati wa mvua. Maji yaliyotuama hupokea pigo la matone, na kina kinachozidi kipenyo cha tone mara kadhaa kinatosha kuukinga udongo ulio chini. Wakati wa hatari ni mara baada ya kuvuruga udongo kuwa tope: chembe zinaelea, na mvua ikilijaza jaruba hadi likafurika, maji yanayotoka ni mazito kwa udongo. Acha ukingo ukiwa na urefu wa kutosha juu ya maji, na usifungue njia ya kutolea maji mpaka yatulie na kuwa maangavu.

Maji yangu ya kisima yana chumvi. Je, hilo lina uhusiano na mmomonyoko?

Lina uhusiano mkubwa, na ni uhusiano unaowapotosha wengi kwa sababu madhara hayaonekani siku ya kumwagilia. Chembe za mfinyanzi hushikamana vizuri zikiwa na kalsiamu. Sodiamu ikichukua nafasi yake huzifanya zisukumane. Lakini maji ya umwagiliaji yenye sodiamu mara nyingi huwa na chumvi nyingi kwa jumla, na wingi huo wa chumvi huzuia chembe zisitawanyike. Hivyo msimu wote wa kiangazi udongo huonekana mzima. Mvua ya kwanza inaponyesha, maji yake yasiyo na chumvi huiosha ile chumvi iliyokuwa ikizuia, huku sodiamu ikibaki imeng'ang'ania kwenye mfinyanzi. Chembe hutawanyika, huziba matundu, na maji ya mtiririko huondoka yakiwa na rangi ya maziwa au chai.

Marekani kwa desturi huuhesabu udongo kuwa wa magadi pale sodiamu inapofikia asilimia 15 ya nafasi za kubadilishana madini kwenye chembe. Australia hutumia asilimia 6. Kwa atakayejali mvua, kiwango cha Australia ndicho cha kufuata. Maji yaliyo safi kupita kiasi nayo yana kasoro: yakiwa na upitishaji umeme (kipimo cha chumvi iliyomo majini) chini ya desisimensi 0.2 kwa mita, huulainisha uso wa udongo karibu kama mvua inavyofanya.

Kuna jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Chukua kipande kikavu cha udongo chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kiweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua na usiitikise. Kikiporomoka na kuwa rundo la vipande huku maji yakibaki maangavu, udongo wako hauna mabaki ya viumbe ya kutosha na hautaki kuloweshwa ghafla. Kikizungukwa na wingu linalotanda chini ya glasi, sodiamu imekwisha kuingia. Angalia baada ya muda wa saa 2, na tena siku inayofuata, kwa kuwa wingu hilo wakati mwingine huchelewa.

Dawa iliyozoeleka ni jasi, madini yenye kalsiamu. Ili isaidie dhidi ya mvua, hutawanywa juu ya uso kabla ya msimu wa mvua na haifukiwi kwa jembe. Huyeyuka takriban gramu 2.5 kwa lita, hivyo mvua inayoigusa hupata kalsiamu kabla ya kuingia ardhini.

Je, umwagiliaji unaweza kupunguza mmomonyoko wa mvua?

Unaweza, na katika maeneo makavu hii ndiyo athari yake kubwa kuliko zote. Zao lililomwagiliwa huota mapema, hufunga majani juu ya ardhi kabla mvua hazijaanza na huacha mabaki mengi baada ya mavuno. Mabaki yakifunika asilimia 30 tu ya ardhi, mmomonyoko hupungua kwa takriban nusu au zaidi ukilinganisha na ardhi tupu. Ila unyevu uleule unaolisha zao huwalisha pia vijidudu vinavyoozesha mabaki, kwa hiyo matandazo katika shamba linalomwagiliwa huisha upesi kuliko katika shamba kavu. Anayepanga kwamba mabua ya msimu uliopita yatamlinda kwenye mvua zijazo anapaswa kwenda kuyaangalia, asiyahesabu kwa kumbukumbu. Na anayeyachoma mabua au kuyauza yote ameuza faida hii pamoja nayo.

Poliakrilamaidi inayowekwa kwenye maji ya mifereji inasaidia mvua inaponyesha?

Kwa kiasi fulani tu. Kemikali hiyo, inayozishikamanisha chembe za udongo, ilifanyiwa utafiti mwingi huko Kimberly, Idaho, nchini Marekani, katika miaka ya 1990, ambako kipimo cha takriban gramu 10 kwa mita ya ujazo ya maji yanayoingia mferejini kilipunguza upotevu wa udongo kwa zaidi ya asilimia 90 wakati wa kumwagilia. Lakini huimarisha pale tu maji yalipopita, yaani kitako na kingo za chini za mfereji. Mabega ya tuta, yanayopigwa na mvua moja kwa moja, hubaki kama yalivyokuwa. Anayeitumia ahakikishe ni ile yenye chaji hasi, kwa sababu ile yenye chaji chanya ni sumu kwa samaki.

Mifereji mikuu ya skimu ifanyweje dhoruba inapokaribia?

Ifungwe kwenye chanzo mapema, kwa kuwa maji yaliyomo huendelea kusafiri kwa muda mrefu baada ya lango kufungwa. Mfereji unaokata ubavu wa kilima hupokea mtiririko wote wa juu yake; ukiwa umejaa maji ya umwagiliaji, hauna nafasi ya kuupokea, na ukingo hupasuka sehemu iliyo dhaifu, kwa kawaida penye shimo la panya au pale wakulima walipozoea kukata ukingo ili kujipatia maji nje ya zamu. Kila mfereji wa namna hii unahitaji sehemu ya kumwagia ziada, iliyojengwa kwa mawe au kuoteshwa nyasi, inayoyafikisha maji hadi bondeni salama.

Je, kanuni za kukadiria upotevu wa udongo huuzingatia umwagiliaji?

Kanuni inayojulikana zaidi, iliyochapishwa na Wischmeier na Smith nchini Marekani mwaka 1965 na kuboreshwa mwaka 1978, huzidisha nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, mimea na hatua za uhifadhi. Haina mahali pa kuingizia zamu ya maji ya juzi. Hutoa wastani wa muda mrefu, na kwa hilo inafaa, lakini asiitumie mtu kutabiri dhoruba moja juu ya shamba lililojaa maji.

Niangalie nini shambani baada ya mvua?

Nenda mapema, kabla maji hayajakauka na kabla ng'ombe au watu hawajapita. Anzia mwisho wa mifereji: rundo la mchanga mpya lililotanuka kama upepeo wa mkono likiwa hapo, panda nalo juu hadi upate mahali palipokwanguliwa. Vijiwe vilivyosimama juu ya vinguzo vidogo vya udongo huonyesha kwamba matone ndiyo yaliyobomoa. Mizizi iliyoachwa wazi ubavuni mwa mfereji huonyesha kwamba ni mkondo. Vunja uso kwa ncha ya kisu na utazame kama kuna safu ngumu ya milimita chache iliyo juu ya udongo mkavu, maana hapo mvua ilizuiwa na ukoko. Ukikuta udongo umelowa hadi chini na bado kulikuwa na mtiririko, rudi kwenye daftari la zamu uone ni lini, na kwa kiasi gani, eneo hilo lilimwagiliwa mara ya mwisho.